Shawishi na jamaa zake: vitenzi vya kumgeuza mtu nia

Kijana alimsihi mjomba wake auze shamba.
Kijana alimshawishi mjomba wake auze shamba.
Kijana alimrubuni mjomba wake auze shamba.

Sentensi hizi tatu zina watu wale wale, shamba lile lile na muundo ule ule. Kilichobadilika ni kitenzi kimoja. Hata hivyo, anayesoma sentensi ya kwanza humwona kijana mwenye shida, anayesoma ya pili humwona kijana mwenye maneno, na anayesoma ya tatu humwona tapeli. Mjomba naye hubadilika. Katika ya kwanza ni mkubwa anayeombwa, katika ya pili ni mtu anayeelezwa mpaka nia yake ikageuka, katika ya tatu ni mtu aliyedhulumiwa.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kueleza tendo la kumfanya mwingine akubali jambo, na karibu kila kimoja hubeba hukumu ndani yake. Makala haya yanaeleza maana za vitenzi hivyo, mipaka baina yake, miundo ya sentensi inayoviambata, na makosa ya matumizi yanayojitokeza mara kwa mara. Sentensi ya kijana na mjomba itatumika kama kipimo, kwa kuwa katika sentensi inayofanana kwa kila kitu kingine, tofauti ya kitenzi huonekana bila kificho.

Maswali matatu ya kupimia

Mipaka ya vitenzi hivi huonekana kwa kuuliza maswali matatu. La kwanza: anayeambiwa amebaki na hiari kiasi gani? Yaani, akikataa, patatokea nini? La pili: anayenufaika ni nani, msemaji, msemwaji, au jamii? La tatu: yaliyosemwa ni kweli?

Anayesihi humwachia mwenzake hiari yote. Anayeshurutisha humwondolea. Anayenasihi hutafuta faida ya anayenasihiwa, ilhali anayelaghai hutafuta faida yake mwenyewe. Anayesadikisha hudai kuwa asemayo ni kweli, na anayehadaa hujua kuwa si kweli. Kitenzi shawishi hukaa katikati ya yote, na ndiyo sababu kinatumika sana na kutatanisha sana.

Shawishi

Kitenzi hiki hunasibishwa na neno la Kiarabu shawwasha, lenye maana ya kuvuruga au kuchanganya. Chimbuko hilo linaeleza sura yake ya zamani: aliyeshawishiwa ni mtu ambaye nia yake ilikuwa imetulia, kisha ikavurugwa. Katika matumizi ya kidini sura hiyo ingali hai. Wakatoliki husali Sala ya Bwana kwa kutumia neno kishawishi pale ambapo Waprotestanti husema majaribu. Mzazi anapomwonya mwanawe aliye shuleni ajiepushe na vishawishi, hakusudii matangazo ya biashara pekee. Anakusudia chochote kinachoweza kumtoa katika njia njema.

Sura ya pili ni ya karibuni zaidi na haina lawama. Mwalimu wa insha humtaka mwanafunzi aandike hotuba yenye nguvu ya kushawishi. Asasi za kiraia zina idara za ushawishi na utetezi. Mtu mwenye wafuasi wengi katika mitandao ya kijamii huitwa mshawishi wa mitandaoni. Mchumi huzungumzia nchi yenye ushawishi katika kanda. Katika matumizi haya, kushawishi ni kutumia hoja, haiba au nafasi ili watu wakubali jambo, bila kudokeza kuwa jambo hilo ni baya.

Sura hizi mbili huishi pamoja, na muktadha ndio huamua. Kanuni ya vitendo ni hii: kadiri jambo linaloshawishiwa linavyokuwa la faragha, ndivyo kitenzi kinavyorudi kwenye sura yake ya zamani. "Walimshawishi waziri apunguze ushuru" haina doa. "Walimshawishi binti aondoke nyumbani" ina doa hata kabla ya kujua alikwenda wapi.

Kuhusu nomino, ushawishi ni uwezo au tendo, kishawishi ni kitu kinachovuta, na mshawishi ni mtendaji. Inafaa kutenganisha ushawishi na athari. Ushawishi huhusu nia, kwa hiyo hufanya kazi juu ya wenye nia. Sentensi "mvua ina ushawishi mkubwa kwa mavuno" ni dhaifu, kwa kuwa mavuno hayana nia ya kugeuzwa. Isemwe "mvua ina athari kubwa kwa mavuno" au "mavuno hutegemea sana mvua".

Vitenzi vya kuomba: sihi, rai, bembeleza

Kusihi ni kuomba kwa unyenyekevu na kwa uzito. Anayesihi hana nguvu juu ya anayemsihi, au anayo lakini ameiweka kando. Ndiyo maana kitenzi hiki kina heshima. Mkubwa anaweza kumsihi mdogo bila kujishusha, na mdogo anaweza kumsihi mkubwa bila kumkosea adabu. Hata hivyo, kiongozi anapowaambia walio chini yake "nawasihi mfike saa mbili kamili", wasikilizaji hujiuliza swali la kwanza: nisipofika, patatokea nini? Ikiwa jibu ni adhabu, basi yaliyosemwa ni agizo lililovikwa kanzu ya ombi.

Sihi isichanganywe na nasihi. Mkanganyiko huletwa na mfanano wa sauti: "nakusihi" ina maana ya "ninakuomba sana", na "nakunasihi" ina maana ya "ninakupa nasaha". Zote mbili ni sahihi, ila ya kwanza huomba na ya pili hushauri.

Rai ni nomino yenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni maoni au mtazamo. Kutokana na maana hiyo imezuka ile ya ombi la hadhara, na hapa Tanzania na Kenya hutofautiana kidogo. Taarifa za habari za Tanzania hupendelea nomino: "mkuu wa wilaya ametoa rai kwa wananchi wapande miti." Za Kenya hupendelea kitenzi: "gavana amewarai wakazi wadumishe amani." Matumizi yote mawili yamekita. Rai ni nyepesi kuliko wito na nyepesi zaidi kuliko agizo. Kinachobaki ndani yake kutokana na maana ya asili ni kwamba anayetoa rai anatoa mtazamo wake, na wengine wana haki ya kuwa na wao.

Bembeleza imetokana na ukoo mmoja na bembea na bembeza. Anayembembeleza mtoto humyumbisha taratibu na kumwimbia mpaka kilio kinyamaze na usingizi uje. Maana ya kumbembeleza mtu mzima imetoka huko huko: ni kumrudia kwa sauti ya upole mpaka ukaidi wake ulale. Kitenzi hiki hudai muda. Mtu habembelezwi kwa sentensi moja, na ndiyo sababu wasimulizi husema "alimbembeleza wee mpaka akakubali". Hudai pia ukaribu: mama humbembeleza mwana, mume humbembeleza mke aliyenuna, mteja wa siku nyingi humbembeleza muuzaji. Katika barua rasmi kitenzi hiki hakifai. Kampuni humwomba mdaiwa alipe, haimbembelezi, isipokuwa mwandishi akusudie kejeli.

Kando ya bembeleza kuna rairai na pembeja, ambavyo huongeza utamu wa maneno na kupunguza unyoofu. Anayerairai husifu kupita kiasi ili apewe. Kuna pia tongoza, ambacho kimebanwa katika uhusiano wa kimapenzi. Kikitumiwa katika siasa au biashara ("chama kinawatongoza wabunge wa upinzani"), huwa ni dhihaka na msomaji huipokea hivyo.

Vitenzi vya kuelekeza: nasihi, usia, himiza, hamasisha

Nasihi hutazama faida ya anayesemeshwa. Anayenasihi anajua zaidi, au anadhani anajua zaidi, na anamtakia mwenzake heri. Usia huongeza uzito wa umri, safari au kifo. Anayeusia huacha maneno yatakayomwongoza mtu yeye asipokuwapo. Mfano unaojulikana sana katika fasihi ya pwani ni utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa takriban mwaka 1858, ambamo mama aliyekuwa mgonjwa anamwelekeza binti yake juu ya dini, ndoa na maisha. Kuuita utendi huo "ushawishi" kungeupotosha, ingawa lengo lake ni kumfanya binti atende yaliyomo. Mama huyo hapambani na nia ya binti, anaijenga.

Himiza imetokana na hima, yaani haraka au bidii. Anayehimizwa huwa tayari amekubali jambo, au analijua, ila amechelewa. Kwa hiyo "alimhimiza mjomba wake auze shamba" hudokeza kwamba mjomba alikwishakuwa na nia hiyo, na kijana alimsukuma asikawie. Mwandishi asiyekusudia dokezo hilo achague kitenzi kingine.

Hamasisha imetokana na hamasa, yaani moto wa moyo wa kutenda. Huhusu makundi zaidi kuliko mtu mmoja: wananchi huhamasishwa wapeleke watoto kwenye chanjo, wachezaji huhamasishwa kabla ya mechi. Ni kitenzi cha hadhara na cha taasisi, na matumizi yake mengi katika ripoti za miradi yamekichosha. Ripoti ikisema "wananchi 300 walihamasishwa", msomaji hajui kama walielezwa, walishauriwa, walikubali, au walihudhuria tu. Pale inapowezekana, ripoti itaje kilichofanyika: walifundishwa, walitembelewa majumbani, waliahidi.

Kuamini na kutenda: sadikisha, aminisha, ridhisha

Kumfanya mtu atende ni jambo moja, na kumfanya aamini ni jingine. Shawishi huelekea kwenye tendo. Sadikisha na aminisha huelekea kwenye imani: "alimsadikisha mjomba wake kwamba shamba halina rutuba tena." Mjomba anaweza kusadiki hivyo na bado asiuze. Aminisha, katika matumizi ya siku hizi, imeanza kupata doa. Mtu anaposema "walituaminisha kwamba fedha zipo", mara nyingi huwa anamaanisha kuwa hazikuwapo.

Ridhisha huenda mbali zaidi. Aliyeridhishwa amebaki na utulivu, hana kinyongo wala shaka. Kutokana na shina hilo hilo tunapata ridhaa, nomino nzito kuliko zote katika uwanja huu, itakayorejewa mwishoni.

Hapa pana mtego kwa wanaojua Kiarabu. Shina la kinai, ambalo katika Kiarabu huzaa kitenzi cha kumfanya mtu akubali kwa hoja, katika Kiswahili limechukua njia nyingine. Aliyekinai ametosheka, na mara nyingi ametosheka mpaka kuchoka, kama aliyekula tende kupita kiasi. "Hotuba yake ilinikinaisha" kwa wasikilizaji wengi ni lalamiko.

Vitenzi vya hila: rubuni, hadaa, ghilibu, laghai

Vitenzi hivi hujibu swali la tatu kwa "hapana": ukweli haukusemwa, au ulisemwa nusu. Tofauti zake ni za njia.

Rubuni hutumia ahadi au kitu cha kutangulizia. Umbo lake hulinganishwa na arabuni, neno linalopatikana katika Biblia ya Kiswahili na katika lugha ya biashara ya zamani kwa maana ya malipo ya awali yanayofunga makubaliano. Anayerubuniwa huonyeshwa kitu mkononi au huahidiwa kikubwa baadaye. Kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, kina mfano bora. Adui zake walipokosa njia ya kumuua, walimwendea mwanawe wakamwahidi kumwoza binti wa mfalme, ili amuulize baba yake ni kitu gani kinachoweza kumdhuru. Kijana hakulazimishwa wala hakutishwa. Aliahidiwa. Kisa hicho kinaonyesha pia kwamba aliyerubuniwa hubaki na sehemu ya lawama, kwa kuwa tamaa yake ndiyo iliyofungua mlango.

Hadaa hutumia sura ya nje. Anayehadaiwa huona kitu tofauti na kilivyo, na hata kitu kisicho mtu kinaweza kuhadaa: "utulivu wa bahari uliwahadaa mabaharia." Ghilibu, kutoka shina la Kiarabu lenye maana ya kushinda, hubeba wazo la kumzidi mtu akili. Laghai ni pana kuliko vyote na hutumika sana katika habari za wizi na utapeli. Danganya husimama nje kidogo ya kundi hili. Anayedanganya husema uongo, lakini si lazima awe anataka mtu atende jambo.

Misemo huongeza rangi. Kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kumsifu kwa uongo ili akubali. Kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa ni kujifanya unamtendea wema ilhali hapati kitu. Katika mitaa ya Dar es Salaam, kumwingiza mtu mjini ni kumtapeli kwa kutumia ugeni wake. Methali isemayo kuwa maneno mazuri humtoa nyoka pangoni hukaa juu ya mpaka: husifu kauli njema, na papo hapo humkumbusha msikilizaji kuwa nyoka aliyetoka pangoni hajui anakokwenda.

Kauli iliyoshikana na mali: hongo na takrima

Pale maneno yanapofuatana na kitu, Kiswahili kina nomino nyingi kuliko vitenzi. Rushwa, hongo na mlungula hulaumu waziwazi. Chai na kitu kidogo huficha aibu. Methali mbili, mkono mtupu haulambwi na penye udhia penyeza rupia, zinaonyesha kuwa jamii iliufahamu ushawishi wa mali muda mrefu kabla ya sheria za kuupinga.

Neno takrima liliwahi kufika mahakamani. Asili yake ni heshima na ukarimu, yaani anachopewa mgeni kwa kuwa ni mgeni. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya Tanzania ya mwaka 2000 yalitambua ukarimu wa kawaida au wa kimila unaofanywa kwa nia njema kuwa si kosa, na takrima likawa jina la kile ambacho mgombea aliweza kuwapa wapiga kura. Mashirika ya kutetea haki yalifungua shauri, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa mtaalamu wa msamiati, shauri hilo linafunza kuwa neno jema linaweza kuazimwa na tendo linalotaka kujificha, na likishaazimwa hivyo, halirudi kama lilivyokuwa. Hadi leo, mtu anayesema takrima katika mazungumzo ya siasa hueleweka kuwa anakusudia kitu kingine zaidi ya ukarimu.

Vitenzi vya moto na vya nguvu: chochea, shinikiza, lazimisha, shurutisha

Kuchochea ni kusogeza kuni ili moto uwake zaidi. Hakuna anayechochea jiko lililozimika, na kanuni hiyo huendelea katika maana ya kitamathali. Anayechochea ugomvi hukuta tayari kuna makaa ya chuki, hofu au dhuluma. Kwa hiyo neno uchochezi humlaumu msemaji, lakini pia hukiri kuwa palikuwa na makaa. Nchini Kenya neno hili lilipata uzito wa pekee baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ikashughulikia matamshi ya chuki ya kikabila. Katika uchumi kitenzi hicho hicho hakina lawama: serikali huchochea uwekezaji, mvua huchochea kilimo. Hapa tena jambo linalochochewa ndilo huamua.

Shinikiza hutumia uzito wa wengi, wa muda au wa cheo. Aliyeshinikizwa angali na hiari, ila imebanwa. Lazimisha na shurutisha huiondoa. Tofauti baina ya hivi viwili ni ndogo lakini ipo: lazimisha huhusu tendo lisiloepukika, na shurutisha, kutoka neno shuruti, hudokeza kuwapo kwa sharti au tishio: "usipofanya hili, nitafanya lile." Mjomba aliyelazimishwa huenda alishikwa mkono akatia dole gumba. Mjomba aliyeshurutishwa huenda aliambiwa kuwa asipotia saini hatapelekwa hospitali.

Muundo wa sentensi

Mambo mawili ya sarufi yanastahili uangalifu.

La kwanza ni kishazi kinachofuata. Vitenzi vya kusukuma kwenye tendo hufuatwa na kitenzi cha dhamira tegemezi chenye kiishio -e: "alimshawishi auze", "aliwasihi waondoke". Kitenzi-jina chenye ku- nacho hutumika, "aliwashawishi wazee kuuza shamba", lakini hakina kiambishi cha kuonyesha mtendaji. "Aliwashawishi wazee wauze shamba" haina utata: wauzaji ni wazee. Katika hati na maelezo rasmi, umbo lenye -e ni salama zaidi. Kwa upande mwingine, vitenzi vya imani hufuatwa na kwamba au kuwa: "alimsadikisha kwamba bei itapanda." Muundo "alimshawishi kwamba bei itapanda" umeenea katika uandishi wa habari, lakini humlazimu shawishi kufanya kazi ya sadikisha. Mwandishi makini huandika "alimsadikisha kwamba bei itapanda, akamshawishi asubiri".

La pili ni matokeo. Baadhi ya vitenzi hueleza jitihada, na vingine hueleza kufaulu. "Alimsihi, akakataa" na "alimbembeleza, akakataa" ni sentensi za kawaida kabisa. "Alimridhisha, lakini hakuridhika" inajipinga yenyewe. Shawishi huruhusu yote mawili: "alimshawishi lakini hakukubali" inakubalika kwa wasemaji wengi. Anayetaka kuonyesha kuwa jitihada ilifaulu atumie kauli ya kutendeka, "mjomba alishawishika", au ataje matokeo, "alimshawishi mpaka akakubali". Kwa hiyo kauli "alinishawishi", ikisimama peke yake, haithibitishi kuwa msemaji alikubali. Anayeisikia asikimbilie kudhani hivyo.

Kitenzi kinapoandikwa katika maelezo

Tofauti zilizoelezwa hapa zina uzito nje ya kamusi. Mwaka 2021 sheria za Tanzania zilifanyiwa marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani, lakini sasa maneno ya shahidi yanaweza kupanda ngazi za juu katika lugha ile ile aliyoyatamka.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inataka ridhaa iwe ya hiari. Ridhaa si ya hiari ikiwa imepatikana kwa shuruti, kwa mtu kutumia isivyofaa nafasi aliyonayo juu ya mwenzake, kwa udanganyifu, kwa maelezo yasiyo ya kweli, au kwa kukosea. Msomaji atatambua kuwa orodha hiyo inakaribiana sana na makundi ya vitenzi yaliyotangulia. Turudi basi kwa mjomba. Akisema "alinisihi" au "alinibembeleza", hajasema lolote linalotikisa mauzo, kwa kuwa kuombwa sana si kudhulumiwa. Akisema "alinilaghai" au "alinishurutisha", ametaja jambo ambalo, likithibitishwa, linaweza kubatilisha mkataba. Akisema "alinishawishi", hajaeleweka bado. Je, alielezwa kwa hoja? Alisifiwa? Alionyeshwa hati ya uongo? Aliambiwa kuwa asipouza hatatunzwa?

Wazee wengi hutumia shawishi kwa sura yake ya zamani, yaani kuvurugwa nia, wakikusudia lawama. Karani kijana aliyesoma shuleni kuwa kushawishi ni stadi njema ya kujenga hoja anaweza kuandika neno lile lile bila kuisikia lawama hiyo. Maandishi yatakuwa sahihi kwa kila herufi, na maana aliyoikusudia msemaji itakuwa imepotea. Hali hiyo hiyo humkabili ofisa wa ustawi wa jamii anayemhoji binti, mwandishi wa habari anayemnukuu mwathiriwa, na mkalimani. Kinga yake ni ya kawaida: kuuliza alichosema mshawishi, alichoahidi, na ambacho kingetokea kama jibu lingekuwa hapana. Majibu yaandikwe kama yalivyotolewa, na kitenzi cha jumla kisichukue nafasi yake.

Muhtasari wa matumizi

Sihi: kuomba kwa unyenyekevu. Hiari yote iko kwa anayeombwa.
Rai: kuomba hadharani kwa kutoa mtazamo. Tanzania "kutoa rai", Kenya "kuwarai".
Bembeleza: kurudia ombi kwa upole na ukaribu. Haifai katika barua rasmi.
Nasihi, usia: kushauri kwa faida ya anayeshauriwa. Usia huachwa kama urithi.
Himiza: kuharakisha nia iliyokwishakuwapo.
Hamasisha: kuamsha ari ya kundi. Katika ripoti itajwe kilichofanyika.
Shawishi: kugeuza nia kwa maneno au mvuto. Lawama hutegemea muktadha, na matokeo yatajwe.
Sadikisha, aminisha: kufanya mtu aamini. Hufuatwa na kwamba au kuwa.
Ridhisha: kumfanya mtu akubali bila kinyongo.
Rubuni: kuvuta kwa ahadi au kitu cha kutangulizia.
Hadaa, ghilibu, laghai: kuvuta kwa sura ya uongo, kwa kuzidi akili, kwa utapeli.
Chochea: kuongeza nguvu ya hisia au hali iliyokwishakuwapo.
Shinikiza: kubana hiari bila kuiondoa.
Lazimisha, shurutisha: kuondoa hiari, kwa nguvu au kwa sharti.